Wafafanuzi waitwe baada ya kusoma, si kabla

Ukitaka kukipima kitabu chochote cha ufafanuzi wa Biblia, kifungue penye Ufunuo 3:15-16. Bwana anaiambia Laodikia: "Nayajua matendo yako, ya kuwa hu baridi wala hu moto, ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto." Kisha anawaambia kwamba kwa kuwa ni vuguvugu, atawatapika. Katika mahubiri mengi, kuanzia Kaptembwa ya Nakuru hadi Kondele ya Kisumu, maelezo ni yale yale: moto ni mwenye bidii, baridi ni mtu wa dunia, vuguvugu ni Mkristo wa Jumapili pekee. Komentari, yaani kitabu cha ufafanuzi, inayobeba jina la Matthew Henry husema karibu hivyo hivyo, kwamba Kristo anataka mtu ajitokeze wazi, awe upande wake au awe kinyume chake.

Lakini rudia ile aya polepole. "Ingekuwa heri kama ungekuwa baridi." Je, Bwana anatamani kanisa lake liwe la wasioamini? Hilo swali halitoki kitabuni. Linamjia msomaji aliyekaa na aya muda wa kutosha hadi ikamsumbua.

Ukilipeleka kwa wafafanuzi wa miaka ya karibuni, utapata jibu ambalo wa zamani hawakuwa nalo. Laodikia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, haikuwa na maji mazuri ya kwake. Ililetewa maji kwa mabomba ya mawe kutoka chemchemi za kusini mwa mji, na mabomba hayo yamefukuliwa yakiwa yameganda chokaa ndani. Ng'ambo ya bonde, kama kilomita 10 hivi, kulikuwa na Hierapoli yenye chemchemi za moto ambazo watu waliziendea ili kuoga na kupata nafuu. Kolosai, si mbali, ilikuwa na maji baridi ya kunywa. Msomaji wa Nakuru hahitaji picha hapa. Anazijua chemchemi za Bogoria, ambako wageni huchemshia mayai, na anavijua vijito vya baridi vinavyoshuka kutoka msitu wa Mau. Maji ya moto yana kazi yake na ya baridi yana kazi yake. Ya vuguvugu yenye chokaa yanatapikwa. Kwa maelezo haya, moto na baridi vyote ni vizuri, na lawama ni ya kanisa lisilofaa kwa lolote.

Hapo usifunge kitabu. Wapo wataalamu wanaotilia shaka habari ya mabomba na kusema mfano ni wa vinywaji vya mezani, kwa kuwa watu wa enzi hizo walikunywa divai iliyopashwa moto au iliyopozwa, na isiyo moto wala baridi haikumpendeza mgeni. Wanabishana juu ya mabomba, ila pande zote mbili zinakubaliana kwamba "baridi" si tusi. Sasa unajua mahali pa kusimama imara na mahali pa kusema "huenda". Faida ya mfafanuzi ni hiyo, na ndiyo sababu mmoja hatoshi.

Saa mbili za fungu moja

Chukua fungu la aya 10 hadi 15. Zaidi ya hapo, utasoma vitabu juu juu tu. Tenga saa mbili, na dakika 45 za kwanza usiguse komentari yoyote. Hata maelezo yaliyo chini ya ukurasa wa Biblia yako yafunike kwa karatasi.

Soma fungu mara tatu, moja ya hizo kwa sauti. Mara ya kwanza tumia tafsiri ya Union ya 1952, mara ya pili tafsiri ya Habari Njema, na mara ya tatu Biblia ya lugha ya nyumbani ikiwa unayo: Dholuo, Luluyia, Kikalenjin, yoyote. Pale zinapotofautiana, piga mviringo kwa penseli. Watafsiri hawatofautiani kwa bahati mbaya. Mara nyingi neno la asili lina njia mbili, au kiunganishi kinaweza kwenda huku au kule, na hapo ndipo mfafanuzi atakapokuwa na la kukuambia. Kisha soma sura iliyotangulia na inayofuata, bila kuandika chochote.

Sasa andika maswali, matano hadi manane. Kila moja liwe kwenye mstari wake na liache mistari minne mitupu chini yake. Maswali mazuri ni madogo: "Kwa nini anasema 'basi' hapa?" "Hawa 'wao' wa aya ya 4 ni akina nani?" "Mji huu uko wapi?" Swali kama "Mungu ananiambia nini leo?" ni jema, lakini si la mfafanuzi. Wengi wao hawakukujua.

Ndipo ufungue komentari ya kwanza, na uanze na utangulizi wake, si aya yako. Kurasa hizo za mbele ndizo watu huruka, nazo ndizo zenye mwandishi, wakati, wasomaji wa kwanza na shida iliyosababisha barua iandikwe. Dakika 10 zinatosha. Baada ya hapo nenda kwa aya zako. Chini ya kila swali andika jibu kwa Kiswahili, kwa maneno yako, na herufi ya kwanza ya jina la mfafanuzi pamoja na ukurasa. Kwa kuwa komentari nyingi ni za Kiingereza, hatua hii ndiyo inayoonyesha kama umeelewa au umeazima tu. Jambo ambalo huwezi kumwelezea mama mkwe wako kwa Kiswahili bado halijakuingia.

Fanya vivyo hivyo kwa kitabu cha pili na cha tatu. Usizidi vitatu, cha nne kwa kawaida hurudia cha kwanza. Dakika 15 za mwisho, funga vyote, rudi kwenye fungu lenyewe, na uulize kama maneno ya aya yanaweza kuubeba uzito uliowekewa.

Kwa nini utaratibu huu na si kuanza na kitabu ili "kupata mwanga"? Maelezo ya kwanza anayoyasikia mtu hukauka kama saruji. Ukianza na mfafanuzi, utaona alichokiona yeye na hutaona alichokiruka. Tena usipokuwa na maswali yako, utachukua ya kwake. John Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti aliyeandika Geneva kati ya miaka ya 1540 na 1560, anagombana na Kanisa la Roma katika kurasa nyingi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa vita yake. Msomaji wa Bungoma anayemfungua mikono mitupu hubeba ugomvi huo hadi kwenye mimbari ya Webuye, na washirika hawajui umetoka wapi.

Herufi nne pembeni

Kila mfafanuzi huchanganya mambo ya aina nne katika aya moja ya maelezo, na yote huyasema kwa sauti ile ile ya uhakika. Yatenge kwa penseli pembeni. A ni jambo linaloonekana katika andiko lenyewe. H ni habari ya historia au desturi. L ni dai la lugha, Kiebrania au Kiyunani. M ni maoni yake. Kila herufi ina namna yake ya kukaguliwa.

A hukaguliwa kwa kufungua aya, basi. Ni rahisi, lakini watu hawafanyi. Akiandika mabano yenye mafungu sita, fungua yote sita. Utashangaa mara ngapi mawili kati yake yanazungumzia jambo jingine kabisa.

H ina mtego mkubwa zaidi, maana habari tamu huenea. Chukua ngamia na tundu ya sindano, Mathayo 19:24. Huenda umesikia kwamba Yerusalemu palikuwa na lango dogo lililoitwa "Tundu ya Sindano", na kwamba ngamia alilipita usiku kwa kupiga magoti baada ya kushushwa mizigo. Mhubiri huifurahia: tajiri ashushe mizigo, apige magoti, aingie. Lakini muulize mfafanuzi, nani wa wakati wa Yesu aliyelitaja lango hilo? Hayupo. Wachimbaji wamelipata? Hapana. Habari hiyo inajitokeza katika maandishi ya karne nyingi baadaye. Sasa rudi kwa A: aya ya 25 wanafunzi wanashangaa mno na kuuliza ni nani basi awezaye kuokoka, na aya ya 26 Yesu anajibu kwamba kwa wanadamu hilo haliwezekani. Ngamia aliyepiga magoti langoni anawezekana kabisa. Maelezo ya lango yanaua jibu la Yesu mwenyewe. Marabi wa Babeli, kwa upande wao, walikuwa na msemo wa tembo kupita katika tundu ya sindano, na hakuna aliyetafuta lango la tembo. Ni lugha ya jambo lisilowezekana.

Na ukiona lango hilo katika vitabu vitano, usihesabu mashahidi watano. Wafafanuzi husomana na kunakiliana. Uvumi uliotoka kwa jirani mmoja ukapita nyumba tano bado ni uvumi wa jirani mmoja.

L ndiyo inayopendwa mimbarani. "Neno la Kiyunani hapa ni dunamis, ndilo lililotupa baruti ya dainamaiti!" Alfred Nobel aliipa baruti yake jina hilo mwaka 1867. Paulo alipowaandikia Warumi kwamba Injili ni "uweza wa Mungu uuletao wokovu", hakuwa na mlipuko akilini. Uweza huo unaokoa, haubomoi. Kanuni ni nyepesi: maana ya neno hutafutwa katika matumizi ya mwandishi na ya zama zake, kamwe si katika mtoto wa neno hilo aliyezaliwa miaka 1,800 baadaye. Mfafanuzi anayeaminika atakuonyesha mwandishi yule yule amelitumia neno wapi kwingine. Asiyeaminika atakutajia mzizi wake na kukuacha hapo. Hata "wanipenda" mbili za Yohana 21:15-17, ambazo zimejengewa mahubiri mengi kwa kuwa Kiyunani kina vitenzi viwili tofauti, wafafanuzi wengi makini wanasema Yohana huvibadilisha bila kukusudia tofauti kubwa. Union imeziacha zote kuwa "wanipenda", na nadhani haikukosea.

M haina makosa kuwapo. Mfafanuzi asiye na maoni hasaidii. Shida ni pale msomaji anapoiandika M kana kwamba ni A.

Jina kubwa halizuii kosa kubwa

Neno "kuaminika" linahitaji kuelezwa, maana hata mtu mwenye sifa huanguka. Adam Clarke, Mmethodisti mwenye elimu kubwa ya lugha aliyekufa mwaka 1832, alishikilia kwamba yule nyoka wa Mwanzo 3 alikuwa mnyama wa jamii ya nyani. Alijenga hoja yake juu ya neno la Kiebrania na lugha ya Kiarabu, na ukiifuata bila kusimama utakaribia kukubali. William Barclay, ambaye kwa desturi za Kiyunani na Kirumi ni mtamu kumsoma, alikuwa tayari kueleza kulishwa kwa watu elfu tano kana kwamba watu walitoa vyakula walivyovificha na kugawana. Jiulize kama Yohana 6:14-15, ambapo umati unataka kumfanya Yesu mfalme kwa nguvu, unaeleweka ikiwa kilichotokea ni harambee.

Lipo kosa jingine ambalo msomaji Mwafrika hana ruhusa ya kulipita kimya. Biblia ya Scofield, iliyotoka 1909 na kurekebishwa 1917, ina maelezo chini ya kurasa zake, na katika Mwanzo 9 maelezo hayo yanasema kwamba kwa Hamu kutatoka uzao duni wa watumwa. Funika maelezo, soma andiko. Aya ya 25: "Na alaaniwe Kanaani." Hamu hakulaaniwa. Nenda sura ya 10, aya ya 6: wana wa Hamu ni Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Walio wa upande wa Afrika ni Kushi, Misri na Putu, na hakuna neno la laana juu yao. Aya ya 15 hadi 19 zinaorodhesha wana wa Kanaani: Sidoni, Hethi, Myebusi, Mwamori na wengine, watu wa nchi ile ile ambayo Israeli iliingia baadaye. Dakika tano za A zinalibomoa jambo lililotumika karne nyingi kuhalalisha utumwa. Biblia ya Dake nayo, ya miaka ya 1960, inayopendwa na wahubiri wengi wa Kipentekoste, katika matoleo yake ya mwanzo iliorodhesha sababu 30 za kutenganisha watu wa rangi tofauti. Baadaye ziliondolewa, lakini nakala kuukuu huzunguka.

Simaanishi Scofield atupwe motoni. Ninachosema ni kwamba mstari ule mwembamba unaotenganisha andiko na maelezo ndio mstari muhimu kuliko yote katika ukurasa, na macho yaliyochoka huuvuka bila kujua. Ndiyo sababu ya ile karatasi ya kufunikia.

Basi mwaminifu ni yupi? Ni yule anayekutajia maoni ya wanaompinga, kwa haki, kabla ya kuyakataa. Haruki aya ngumu. Jaribu kumfungua penye 1 Petro 3:19 au Marko 16:9-20, na kama amepita kwa mistari miwili, mrudishe rafuni. Anasema "haijulikani" pale isipojulikana. Na dai lake la H lina mahali lilipotoka. Gordon Fee ni mfano mzuri. Alikuwa mchungaji wa Assemblies of God, na komentari yake ya 1 Wakorintho ya 1987 inaheshimiwa hata na wasio Wapentekoste. Alipofika 14:34-35, wanawake na wanyamaze, alitoa hoja kwamba aya hizo mbili hazikuandikwa na Paulo. Lakini Fee huyo huyo ndiye anayekueleza kwamba nakala zote za kale tulizo nazo zina aya hizo, ingawa baadhi zimeziweka baada ya aya ya 40. Kwa maneno mengine, amekupa silaha ya kumpinga. Wengi wamempinga kwa silaha hiyo hiyo, nami niko pamoja nao, na bado namweka mbele ya wote kwa barua hiyo.

Nani kwa kazi gani

Matthew Henry ni bure mtandaoni na yumo katika programu nyingi za simu, kwa hiyo ndiye anayekutana na wengi kwanza. Ubora wake ni kutumia andiko kwa maisha, sio historia. Jambo moja wengi hawalijui: alianza kazi hiyo mwaka 1704 akafa 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume. Warumi hadi Ufunuo zilimaliziwa na wachungaji wengine baada yake. Kwa hiyo mhubiri anayesema "Matthew Henry anasema" akiwa katika Waefeso ananukuu mtu mwingine, na ile sentensi juu ya Laodikia niliyoanza nayo si ya kalamu yake.

Calvin ni mfupi na hufuata mtiririko wa hoja kuliko karibu wote wa zamani, hasa katika Zaburi na barua za Paulo. Usimtafute kwa Ufunuo. Hakuandika komentari yake. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya nne, ana mahubiri 90 juu ya Mathayo, na Kiyunani kilikuwa lugha ya kinywa chake. Kwa mali na maskini hana mpinzani. Agostino wa Hipo, Mwafrika wa eneo ambalo leo ni Algeria, ni mwenye kina juu ya neema, lakini mfano wa Msamaria Mwema aliugeuza fumbo zima: nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba ni mtume Paulo. Msome kwa moyo, usimnukuu kwa muktadha.

Kwa vitabu vidogo vya kununua kimoja kimoja, mfululizo wa Tyndale unafaa bajeti ya mwalimu wa Sunday school. Derek Kidner juu ya Mithali na juu ya Zaburi ni mwembamba kwa kurasa na mzito kwa kila sentensi. Usinunue mfululizo mzima, hata ukipunguziwa bei. Kila mfululizo una vitabu bora na vibovu, kwa kuwa waandishi ni tofauti. Nunua kwa kitabu cha Biblia unachokisoma mwaka huu.

Kisha ile Africa Bible Commentary ya 2006, iliyosimamiwa na Tokunboh Adeyemo: jalada moja, wataalamu 70 wa Afrika. Kwa kuwa inabeba Biblia nzima, kila aya hupata maneno machache, kwa hiyo si ya kufumbua vifungo vigumu vya lugha. Nguvu yake ni makala fupi juu ya mambo kama uchawi na UKIMWI, ambayo mfafanuzi wa London hakuyawazia. Wakatoliki wana The African Bible ya Paulines, Nairobi, 1999, yenye utangulizi na maelezo ya pembeni, na jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuanza na hiyo bila kununua kingine. Waadventista wana komentari yao ya majalada saba ya miaka ya 1950, ambayo ina habari nyingi za historia hata kwa asiyeyakubali mafundisho yake.

Katika wale watatu, hakikisha mmoja si wa kanisa lako na mmoja si wa karne yako. Magharibi mwa Kenya hili lina uzito wake. Marafiki (Quakers) walifika Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakaanza Maseno na Waadventista Gendia mwaka 1906, na kila upande ulirithi namna yake ya kusoma pamoja na nyimbo zake. Mtu anaweza kuishi miaka 40 Vihiga bila kusikia maelezo ya fungu yaliyotoka nje ya misheni iliyombatiza babu yake. Wafafanuzi watatu wa nyumba moja ni mmoja aliyejigawa mara tatu.

Pale wewe unapojua zaidi

Kuna mahali msomaji wa Siaya au Homa Bay anafika kabla ya mfafanuzi. Kumbukumbu 25:5-10 na kitabu cha Ruthu vinazungumzia mjane na jamaa wa marehemu. Mfafanuzi wa Ulaya wa karne ya 18 hueleza jambo hilo kama desturi ya mbali. Msomaji anayeijua tero, desturi ya Waluo ya kurithi mjane, anaona mara moja uzito wa jina la marehemu, shamba, na wazee waliokaa langoni. Haya ni maarifa halisi, yaandike pembeni kwa H kama ya mtu mwingine yeyote.

Ila yakague kama ya mtu mwingine yeyote. Katika Kumbukumbu 25 sharti ni kwamba marehemu hakuacha mwana. Ndugu anaweza kukataa, na anayekwenda kwa wazee kumshitaki ni mjane mwenyewe. Ndiye anayemvua kiatu. Katika Ruthu 3, Ruthu ndiye anayemwendea Boazi, na katika sura ya 4 jamaa wa karibu zaidi anakataa hadharani. Mjane wa andiko hilo ana sauti na ana mlango wa kwenda. Anayetumia fungu hilo kumlazimisha mjane mwenye wana wanne arithiwe amesoma desturi yake, hajasoma aya. Ukaribu wetu na jambo hutufungulia mlango, na mara nyingine hutufanya tuingie nyumba ya jirani tukidhani ni yetu.

Kuhusu gharama, mambo ni machache. Pakua vitabu vya zamani visivyo na haki miliki mara moja kwenye mtandao wa Wi-Fi, visome bila bando. STEP Bible, programu ya kusomea Biblia iliyotengenezwa Tyndale House, Cambridge, ni bure na inaonyesha neno la asili na kila mahali lilipotumika, kwa hiyo L zako zote zikaguliwe hapo. Kabla ya komentari ya pili nunua itifaki ya Biblia (orodha ya maneno na aya yalimo) na kamusi ya Biblia. Vitajibu nusu ya maswali yako. Kaimosi na Kima kuna vyuo vya theolojia, na maktaba za aina hiyo ndizo zenye majalada ghali. Uliza kama wanakubali msomaji wa nje, nenda na maswali yaliyoandikwa tayari. Ujumbe wa WhatsApp usio na jina la mwandishi usiuingize daftarini hata ukiwa mtamu.

Katika kikundi cha katikati ya wiki, wagawie watu watatu wafafanuzi watatu siku tano kabla. Mtu asiruhusiwe kusema "komentari inasema" bila kusema ni ya nani na ni A, H, L au M. Atakayesema, "Mimi nina Roho, sihitaji vitabu vya wanadamu," muulize kwa upole kama huwa anasikiliza mahubiri. Mahubiri nayo ni ufafanuzi, tofauti ni kwamba hayana ukurasa wa kurudia.

Kwa kuanza, Filemoni inatosha: aya 25, sura moja. Karibu kila utangulizi utakuambia kwamba Onesimo alikuwa mtumwa aliyetoroka. Tafuta neno "alitoroka" ndani ya barua. Aya ya 15 inasema "alitengwa nawe kwa muda", na aya ya 18 ina "kama". Krisostomo alishika kwamba alitoroka, na wengi wamemfuata. Wengine wanasema alimwendea Paulo ili awapatanishe na bwana wake. Mwaka 1935 John Knox alijenga hoja kwamba bwana wake hakuwa Filemoni bali Arkipo wa aya ya 2. Weka A, H, L na M kwa kila mmoja wao, kisha uone ni A ngapi zilizobaki.